Magaga si uchafu, ni kipupwe

Wiki iliyopita, ndani ya gari ya Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kuja mjini, wasichana wawili waliicheka miguu ya mama mmoja aliyepakata polo lake la mwani, visigino vimepasuka. "Magaga yote hayo, utafikiri hajui maji." Mama alisikia. Akairudisha miguu chini ya kiti, akashusha kanga kuifunika. Hasira zangu hazijaisha mpaka leo.

Hajui maji? Mkulima wa mwani? Tangu zao hili lianze kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, wanawake wa pwani ile ndio wanaoshinda baharini kila bamvua, maji yanapokupwa sana, chumvi ikiwala ngozi. Wakitoka majini, kuanzia Juni hadi Septemba, ndiyo kipupwe, wanapokelewa na upepo wa kusi. Ngozi ya kisigino ni nene na haina tezi za mafuta. Ikikauka haivutiki tena, na kila hatua inaipasua. Magaga ya mama yule ni kazi yake na msimu wake.

Kaskazi, masika, kipupwe, vuli: tunabadili nguo, tunabadili hata saa za kuvua, lakini mguu tunauhudumia vile vile mwaka mzima. Tazama udhu. Mara tano kwa siku tunaosha miguu mpaka kwenye vifundo na kupitisha kidole baina ya vidole. Sijui usafi wa miguu unaoshinda huo. Kasoro ipo kwenye kinachofuata. Masika, viatu havijakauka tangu jana, mtu anatoka msikitini anautia mguu majimaji moja kwa moja ndani ya soksi. Baina ya vidole viwili vya mwisho panabaki umaji mpaka sala inayofuata, na hapo ndipo fangasi anapoota: ngozi inakuwa nyeupe, inabanduka, inawasha usiku kucha. Mguu wa masika unataka kukaushwa. Chukua kitambaa chako mwenyewe, si cha kuazimana, futa kila upenyo, ndipo uvae. Mafuta usiyapitishe hapo hata tone.

Kipupwe mambo yanageuka. Maji yale yale ya udhu, upepo ukiyakausha, yanaiacha ngozi kavu zaidi. Basi ukishaswali Isha, lowesha miguu kidogo, ifute, na kabla haijakauka kabisa paka mafuta ya nazi kwenye visigino. Vaa soksi za pamba, lala. Fanya hivyo kila usiku mpaka kusi iishe, usingoje mpaka damu itoke.

Vuli, fuata ya masika. Kaskazi, usitembee pekupeku juani, mchanga wa adhuhuri unababua.

Haya, nakubali, wapo wanaojiachia tu, na hina ya harusi ikipakwa juu ya nyufa haizitibu. Lakini kumcheka mtu kunamfanya aifiche miguu yake, na wapo ambao hawatakiwi kuificha kabisa. Nawasema wenye sukari. Sukari huweza kuua hisia za nyayo. Ufa wa kipupwe unaingia uchafu, unageuka kidonda, na mwenyewe hasikii maumivu. Huyo akishaona haya, anajifungia chooni anajikwangua kwa wembe. Bi mkubwa, mzee wangu, nakusihi: wembe usiuguse. Mwite mjukuu akutazame nyayo kila usiku, na akiona ufa unatoa majimaji, nenda hospitali asubuhi yake, hata kama hauumi.

Na walimu wa skuli nina ombi. Machi hadi Mei watoto wetu wanapita kwenye madimbwi, kisha wanakaa na viatu vyeusi vya kufunika na soksi chepechepe mpaka mchana. Waruhusiwe makubadhi miezi hiyo, na wenye soksi zilizorowa wapewe ruhusa ya kuzianika dirishani.