DSLR ndogo kwa anayeanza: wepesi unalipiwa wapi?

Anayenunua DSLR yake ya kwanza, yaani kamera ya lenzi za kubadilisha yenye kioo ndani, hupewa nasaha mbili zinazovutana. Wa kwanza atamwambia achukue ndogo kuliko zote, maana kamera nzito huishia kabatini. Wa pili atamwambia aachane na vidogo, atafute hata iliyotumika ya daraja la juu, yenye mshiko mnene na magurudumu mawili ya kubadilishia mipangilio, ajifunzie kwenye chombo kamili. Nimetembea na za aina zote mbili, na naona kila upande una hoja nzito. Tatizo ni kwamba pande zote mbili hupima bodi tupu, yaani kamera bila lenzi, na hakuna anayepiga picha kwa bodi tupu.

Uzito tuanze nao. Canon EOS 100D ilipotoka mwaka 2013 ilikuwa na gramu 407 pamoja na betri na kadi. EOS 250D ya mwaka 2019 ina 449. Nikon D3500 ya mwaka 2018 ina 415. Ukiiweka mkononi Nikon D7200, ambayo ni ya daraja la juu kidogo, unashika gramu 765. Pengo hilo shingo inalisikia kabla ya saa kuisha, na anayesema wepesi ni anasa hajatembea na kamera siku nzima.

Sasa tazama unene. 100D, 250D na D3500 zote zina takriban milimita 70 kutoka mbele hadi nyuma. Si uzembe wa mafundi. Ndani ya DSLR kuna kioo kinachoinuka kila unapopiga, na kioo hicho kinataka nafasi: toka pete ya lenzi hadi kwenye sensa, inayopokea picha, ni milimita 44 kwa Canon na 46.5 kwa Nikon. Mtengenezaji anaweza kupunguza upana, kimo na uzito, lakini unene una mpaka asiouvuka. Kwa hiyo DSLR yoyote, hata ile ndogo kabisa, haiingii mfukoni. Itabebwa kwenye mkoba au shingoni, na hapo kinachoamua ni lenzi iliyofungwa mbele.

Hapo ndipo hoja ya udogo inaposimama au kuanguka. Funga kwenye 250D lenzi ya Canon ya milimita 24 f/2.8 (f huonyesha ukubwa wa tundu la kuingizia mwanga), bapa, yenye gramu 125, na mzigo wote haufiki gramu 600. Hicho ni chombo cha kubeba kila siku. Lakini funga kwenye bodi hiyo hiyo lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 70-200 f/2.8, ambayo peke yake inakaribia kilo moja na nusu, uone mambo yanavyogeuka. Kamera inaelemea mbele, kidole kidogo hakina pa kushika, na mkono wa kulia unachoka kuliko ungechoka kwenye bodi kubwa. Bodi nzito yenye mshiko mzuri hapo ndiyo nyepesi. Kwa hiyo nisingempa 250D anayejiandaa kupiga harusi au michezo, hata kama ndiyo kwanza anaanza.

Wepesi pia umelipiwa kwa vitu ambavyo mnunuzi havioni dukani. Kinachoniuma zaidi ni kitazamio, kile kidirisha cha kuchungulia kwa jicho. Kamera za daraja la juu hupeleka picha jichoni kupitia prizimu ya kioo kigumu; hizi ndogo hutumia vioo vyembamba vilivyopangwa pamoja, vyepesi na vya bei nafuu, lakini unachokiona ni kidogo zaidi na chenye giza kidogo. Tena zinaonyesha asilimia 95 tu ya fremu. Ukingoni mwa picha utakuta tawi au bega la mtu ambalo hukuliona ulipokuwa unapiga. Unaweza kulikata baadaye, sawa, lakini anayejifunza kupanga fremu anahitaji jicho limwambie ukweli.

La pili ni gurudumu. Kwenye D3500, ukiamua kila kitu mwenyewe, gurudumu la gumba hubadilisha kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hubaki wazi. Ukitaka kubadili tundu la lenzi, ubonyeze kitufe kilicho karibu na cha kupigia huku unazungusha gurudumu lile lile. 250D nayo ina mtindo huo huo. Wanaotetea kamera kubwa wana haki hapa: magurudumu mawili hufundisha vidole uhusiano wa kasi na tundu bila kufikiri. Lakini nimeona pia wanaoanza wakikaa miezi kwenye hali ya kuchagua tundu tu na kuiachia kamera kasi, na picha zao zikakua vizuri. Mwezi wa kwanza gurudumu la pili halikosekani sana. Linaanza kukosekana mkono ukishazoea.

La tatu linawahusu wa Nikon. Tangu D40 ya mwaka 2006, bodi zake ndogo hazina mota ya fokasi, ile inayoizungusha lenzi mpaka picha iwe kali. Lenzi za Nikon zenye alama ya AF-S na AF-P zina mota yake ndani, hivyo hazina shida. Lakini ukirithi 50mm f/1.8D ya zamani, fokasi utaizungusha kwa mkono. D7200 ina mota hiyo. Canon hawana mtego huu, maana lenzi zao za EF zimekuwa na mota ndani tangu mwaka 1987.

Kuna wanaouliza kwa nini uhangaike na kioo wakati Canon na Nikon wenyewe wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo. Swali la haki, na kwa anayetaka udogo hasa, zile zinashinda. Ila kitazamio cha kioo hakili umeme: D3500 hufikisha picha 1,550 kwa chaji moja kwa kipimo cha kiwandani, na 250D 1,070. Na wengi wanaohama wanaacha nyuma lenzi nzuri za kununua mkono wa pili.

Kwa picha pekee ningechukua D3500 na lenzi ya 35mm f/1.8 ya gramu 200, niivumilie skrini yake isiyogeuka. Anayerekodi video achukue 250D: ina tundu la maikrofoni ambalo D3500 haina, na fokasi yake ya skrini humfuata mtu anayetembea. Asinunue tu flashi ya kampuni nyingine kabla ya kuijaribu, kwa sababu kwenye 250D Canon waliiondoa pini ya katikati ya sehemu ya kuchomekea flashi, na nyingi za bei nafuu hazitawaka.