Nani amwambie askari kuwa baba yake yuko mahututi?

Saa tisa usiku, korido ya hospitali. Mzee alianguka jioni, sasa yuko chumba cha wagonjwa mahututi, na daktari ameshawaambia wanawe wajiandae kwa lolote. Mtoto mmoja hayupo. Ni askari, ametumwa nje ya nchi, huu mwezi wake wa nne. Dada yake ameandika kwenye simu, "Kaka, hali ya baba si nzuri," lakini hajatuma. Mama mdogo anamhimiza atume: mtoto ana haki ya kujua. Mjomba anamzuia: jeshi lina utaratibu wake, kijana aambiwe na wakubwa zake.

Wote wawili wana hoja. Aliyewahi kupewa habari ya msiba wake na mtu baki anajua kwa nini mama mdogo anang'ang'ania sauti ya ndugu. Ndugu anajua aanzie wapi, na anajua kunyamaza kaka anapoanza kulia. Halafu kuna muda. Mzee anaweza kuwa bado anasikia. Simu ikiwekwa sikioni mwake, mwanawe atamuaga. Hakuna ofisi inayoweza kuzirudisha dakika hizo mbili zikishapita.

Sasa mtazame anayepokea. Ujumbe unaingia dakika kumi kabla hajapanda lindo, bunduki ina risasi, wenzake wamelala wakimtegemea yeye awe macho. Hana wa kumwambia. Kamanda wake hajui kitu, kwa hiyo hana sababu ya kumtoa zamu. Na hata akienda kwake, kamanda hawezi kumwachia mtu aondoke vitani kwa kuonyeshwa maneno kwenye simu. Atataka uthibitisho, na hapo saa zinaanza kuhesabiwa upya. Mama mdogo atakuwa amempa kijana uchungu bila kumpa njia ya kurudi nyumbani.

Njia hiyo ipo, na nchini Marekani inapitia Msalaba Mwekundu wa nchi hiyo. Shirika hilo lilianzishwa na Clara Barton mwaka 1881, na hati liliyopewa na Bunge la nchi hiyo mwaka 1905 ililikabidhi kazi ya kuwa kiungo cha mawasiliano kati ya wananchi na majeshi yao. Familia hupiga simu, saa yoyote ya usiku au mchana, au hujaza taarifa mtandaoni. Wahudumu huwasiliana na hospitali au na wanaoshughulikia mazishi, wanathibitisha kilichotokea, kisha wanaupeleka ujumbe kwenye kikosi. Uingereza kazi kama hiyo hufanywa na kituo cha jeshi lenyewe kilichoko Gloucester, nacho hakifungwi usiku.

Wengi hudhani Msalaba Mwekundu ndio unaotoa ruhusa ya kusafiri. Hautoi. Mwenye uamuzi ni kamanda, naye anaweza kukataa kama kikosi hakiwezi kumkosa mtu huyo. Anachokipata kamanda ni uhakika: daktari amesema hivi, leo, saa fulani. Kwa uhakika huo anaweza kumweka mwingine kwenye zamu, kumwita kasisi wa kikosi, na kumkalisha kijana chini kabla ya kumwambia. Kwangu mimi huo ndio uzito wa hoja ya mjomba.

Ila utaratibu huo una udhaifu unaouma, na wanaoutetea hawausemi vya kutosha. Kwanza ni faragha: mtu mwenye cheo anajua habari za nyumbani kwako kabla yako. Hilo linavumilika. Gumu zaidi ni swali la nani anahesabiwa kuwa familia. Kwa likizo ya dharura, jeshi la nchi kavu la Marekani huwaangalia kwanza mke au mume, watoto, wazazi na ndugu wa kuzaliwa. Bibi hayumo, isipokuwa kama alisimama mahali pa mzazi, na kanuni inataka awe amemlea askari huyo mchana na usiku kwa muda usiopungua miaka 5, kabla hajafikisha miaka 21 au hajaingia jeshini. Aliyelelewa na bibi miaka 4 hajatimiza sharti. Kamanda bado anaweza kumpa likizo ya kawaida, lakini askari anaiomba kama fadhila, ilhali aliyemfundisha kutembea anakata roho. Naelewa jeshi lazima liweke mpaka mahali fulani. Sielewi kwa nini mpaka huo upimwe kwa miaka pekee.

Simu ya moja kwa moja nayo haina uhakika ambao mama mdogo anaudhania. Wakati wa vita vya Iraki na Afghanistani, askari wa Marekani alipouawa au kujeruhiwa vibaya, simu na intaneti za kambi zilikatwa mpaka familia yake ijulishwe rasmi. Ilikuwa ni kuilinda familia hiyo isipate habari kwa uvumi. Lakini ndugu wa askari wengine kambini humo nao walibaki gizani: ujumbe hauendi, simu haiiti. Ukianguka msiba nyumbani siku kama hiyo, kinachopita ni njia ya jeshi peke yake.

Mfano unaonifikirisha kuliko yote ni wa mabaharia wa nyambizi za Uingereza zinazobeba makombora ya nyuklia. Tangu mwaka 1969 daima kuna nyambizi moja iliyojificha baharini, na doria moja hudumu miezi kadhaa. Mabaharia hawawezi kutuma neno lolote nje, kwa sababu likinaswa litafichua walipo. Familia huwatumia barua fupi ya maneno 120 kwa wiki, nayo husomwa kwanza na watu wa nchi kavu. Na kabla ya kuondoka, baharia huulizwa: akifariki mtu wako, tukuambie ukiwa huko chini, au tusubiri mpaka urudi? Wapo wanaochagua kusubiri. Mtu anaweza kuendelea na zamu zake majuma kadhaa, anakula na kucheka na wenzake, na mama yake ameshazikwa.

Unaweza kuuona ni ukatili. Niliona hivyo mwanzoni, mpaka nilipojiuliza habari ile ingemsaidia nini mtu asiyeweza kupanda juu, wala kupiga simu, wala kuzika. Mwingine angejibu kwamba hata asipoweza kufanya lolote, angependa kuomboleza siku moja na nduguze. Majibu yote mawili ni halali. Nyambizi imeweza kitu ambacho familia nyingi hazijakifanya: imemuuliza mwenyewe mapema.

Mama mdogo na mjomba wanabishana juu ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza. Wiki moja kabla hajaondoka, wakiwa mezani, angeweza kusema: niambieni wenyewe hata kama niko lindo, au pitieni jeshini kwanza. Siku hiyohiyo angeandika kwenye karatasi vitu vinavyoulizwa na mhudumu anayepokea simu: jina lake kamili, cheo, tarehe ya kuzaliwa, tawi la jeshi, namba yake ya utambulisho na kikosi chake. Dada akiulizwa kikosi saa hizi, anajua tu kwamba kaka "yuko huko Kuwait".

Nikiwa mimi ndiye dada huyo, bila maelekezo yoyote, ningempa mjomba kazi ya kuripoti sasa hivi, akiwa na jina la hospitali, wodi na daktari mkononi, kwa sababu kila saa ya kuchelewa ni saa inayokatwa kwenye safari ya kaka. Kama daktari anazungumzia siku, ningesubiri ujumbe ufike kikosini ndipo nimpigie. Kama anazungumzia saa, nisingesubiri. Lakini ningefuta nilichoandika, nisimwachie habari ya baba kwenye kioo cha simu gizani. Ningeandika: "Kaka, nenda kwa kamanda wako sasa hivi, tunawapa taarifa. Ukiwa na mtu karibu yako nipigie, niko kando ya kitanda cha baba."