Winga abaki winga

Mnasema kocha amefanya la maana kambini kumrudisha winga acheze namba tatu, yaani beki wa kushoto. Mimi sikubaliani. Mechi ya kirafiki pale Uwanja wa Sokoine kijana alipanda vizuri, krosi mbili tamu kweli, lakini kila tulipopoteza mpira, nyuma yake palikuwa uwanja mtupu, beki wa kati anakimbilia kwenye kibendera cha kona kuziba. Na huku Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, kijana mgeni aliyetoka Dar apande na kushuka dakika 90? Atakata pumzi. Namba tatu halisi tunaye, yuko benchi. Apewe jezi mechi ijayo tumwone.