Mche wa mkarafuu na pumzi ya udongo

Kila kaskazi ikishika, ubishi wa zamani hurudi katika mashamba ya Pemba: chini ya mche wa mkarafuu pafagiwe pawe peupe, au pafunikwe majani ya mgomba? Siku hizi ubishi umepata hoja mpya. Wapo wanaosema matandazo yakioza hutoa hewa ya ukaa, hivyo dunia inavyozidi kupata joto, ni heri udongo ukae mkavu na kimya.

Hawasemi uongo. Mizizi hupumua, na bakteria na kuvu wanaokula majani yaliyooza hupumua pia. Duniani kote, hewa ya ukaa inayotoka ardhini kwa njia hiyo ni mara kadhaa ya ile ya mafuta na makaa ya mawe tunayochoma. Udongo wenye unyevu ukiongezewa nyuzi 10 za joto, pumzi hiyo hukaribia maradufu. Ukame huizima.

Ila kinachoizima ndicho kinachoua mche. Vijidudu hupata chakula kupitia utando mwembamba wa maji uliozunguka chembe za udongo. Ukikauka, wengine hulala na wengine hufa. Mche nao hufunga vitundu vya majani usipoteze maji, sukari haitengenezwi, na mizizi inakosa cha kupumulia. Huko Minnesota, Marekani, watafiti waliipasha miche ya misitu joto hadi nyuzi 3.4 juu ya kawaida. Penye unyevu, joto liliyasaidia majani kutengeneza chakula. Penye ukavu liliyadhoofisha. Miti ya kule imezoea theluji, lakini kiu ni kiu.

Jambo ninalolirudia kila nikikaa na wenye mashamba lilichunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mtafiti wa udongo H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alieleza mwaka 1958 kwamba udongo uliokauka ukirowa hutoa pumzi kubwa kwa ghafla, pamoja na naitrojeni, na kadiri ulivyokaa mkavu ndivyo pumzi hiyo inavyozidi. Sehemu ya kile tunachodhani tumekihifadhi kaskazi nzima, basi, hutoka kwa siku chache mvua za mwanzo wa masika zikianguka.

Na hapo ndipo panaponiuma. Naitrojeni ile ni mbolea ya bure. Mche uliovuka kiangazi na mizizi hai huinywa. Ule ambao vijizizi vyake vimekaushwa na jua hauna wa kuipokea, na kwenye kichanga masika huishusha chini kusikofikika. Hewa ya ukaa imetoka vilevile, mbolea imepotea, na shimo linasubiri mche mwingine. Mkarafuu unataka miaka 6 hadi 8 ndipo uanze kuzaa. Kila kiangazi kinachoua mche kinairudisha hesabu hiyo mwanzo.

Wanaofagia wana hoja moja ninayoiheshimu: mchwa hufuata majani makavu. Kwa hilo, matandazo yakae shibiri moja kutoka shinani, na yaangaliwe. Na kwenye udongo mwembamba wa maweni, kama sehemu za Micheweni, majani peke yake hayatoshi. Pale mche unahitaji kivuli cha makuti, na mtu wa kuupelekea maji jioni mpaka masika yaingie.