Embe langu halikuwa bichi

Nilipolibonyeza lile embe na kulikuta gumu kama jiwe, muuzaji akasema: "unreif". Neno hilo la Kijerumani nilifundishwa darasani: "reif" ni bivu, "un-" inakanusha. Bichi basi. "Reift nach," akaongeza, yaani litaivia nyumbani. Nikalifunga kwenye gazeti pamoja na ndizi mbili, nikaliweka kabatini. Siku ya saba ganda limesinyaa, nyama bado nyeupe na chachu, na karibu na kokwa pameshaoza.

Mvumbika changa hula mbovu. Methali naijua tangu utotoni, ila neno la Kijerumani lilinisahaulisha. "Unreif" linafunika vitu viwili ambavyo sisi hatuvichanganyi: embe changa, na embe bichi lililokwisha kupevuka. Lililopevuka limejiwekea wanga wa kutosha likiwa bado mtini. Ukilichuma linatoa gesi ya ethilini, na ule wanga unageuka sukari hata ukilifukia kwenye mchele. Changa halina akiba hiyo. Lifunike, lisomee dua, litakusinyalia tu.

Nisiwaonee Wajerumani. Wakulima wao wana "Pflückreife", kupevuka kwa kuchumwa, na "Genussreife", kuiva kwa kuliwa. Pevu na bivu hizo hizo! Ndizi nazo zinafika huku kwa meli zikiwa kijani, zimewekwa kwenye ubaridi wa nyuzi 13 au 14 hivi, kisha zinavumbikwa kwa ethilini katika kinachoitwa "Bananenreiferei". Uvumbikaji ule ule wa bibi yangu, isipokuwa gunia limekuwa chumba chenye kipimajoto. (Stroberi na zabibu hazimo katika hesabu hii. Zikichumwa kabla ya kuiva, ndiyo basi tena.) Tatizo ni kwamba maneno hayo mazuri yanabaki shambani na ghalani. Ukifika dukani, kila kigumu ni "unreif".

Bibi hakuwa akipima embe kwa rangi wala kwa kubonyeza. Alitazama mabega: yakiwa yamejaa na kupanda juu ya kikonyo, kikonyo kikakaa kama kwenye kishimo, embe limepevuka. Mabega yakiteremka, anapita.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikigeuzageuza maembe kwenye duka lile lile, muuzaji akaniuliza natafuta nini. Nikamjibu, "Schulter," bega. Akaninyooshea kidole upande wa buchani, kwenye nyama ya nguruwe.