Reuss: shamba la ukoo lililopewa hadhi ya dola

Mji wa Greiz, mashariki mwa Thuringia nchini Ujerumani, una kasri juu ya kilima na kasri jingine chini, karibu na mto Weiße Elster. Mgeni akiyaona hudhani mtawala alikuwa anahama moja kwenda jingine kulingana na majira. Sivyo. Kwa muda mrefu mji huo mdogo ulikuwa na watawala wawili kwa wakati mmoja, ndugu wa ukoo mmoja, ukoo wa Reuss: huyu wa Greiz ya Juu, yule wa Greiz ya Chini. Ni mwaka 1768 tu, tawi la chini lilipokosa mrithi wa kiume, ndipo mji ukarudi mikononi mwa mtu mmoja.

Mjadala kuhusu ukoo wa Reuss huanzia kwenye mambo ya aina hii. Wapo wanaouona kama kichekesho: vijidola viwili, Greiz wa kilomita za mraba 316 na Gera wa 827, kila kimoja na serikali yake, baraza lake na mtawala aitwaye Heinrich. Wapo wanaojibu kwamba ni vijidola hivyohivyo vilivyoijaza Thuringia shule, makusanyo ya vitabu na kumbi za muziki, hata katika miji ambayo kwingineko ingekuwa na soko na kanisa tu. Wote wanabishania udogo, na nadhani hapo ndipo wanapopotea. Reuss ilikuwa mali ya familia iliyoendeshwa kama serikali. Mema yake na mabaya yake mengi yanatoka katika chungu hicho kimoja.

Mababu zao walianza kama watumishi. Katika karne ya 12 mabwana wa Weida walikuwa na cheo cha Vogt, kitu kinachokaribiana na liwali: walisimamia ardhi ya Kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi, wakahukumu kesi na kukusanya mapato kwa niaba yake. Kazi ikageuka urithi, urithi ukageuka umiliki, na nchi ikabaki na jina la kazi yenyewe, Vogtland. Jina Reuss lilikuwa lakabu ya mmoja wa tawi la Plauen aliyehusiana kwa ndoa na watawala wa Waruteni, watu wa Rus huko mashariki mwa Ulaya. Vyeo vikapanda polepole: Graf, cheo cha kikabaila, mwaka 1673, kisha Fürst, Greiz mwaka 1778, Lobenstein mwaka 1790, Schleiz na Ebersdorf mwaka 1806. Fürst hapa si mtoto wa mfalme, ni mtawala wa eneo lake.

Kinachowachanganya wasomaji zaidi ni majina. Kila mwanamume wa ukoo huitwa Heinrich, desturi inayoelezwa kuwa heshima kwa Kaisari Heinrich VI aliyewafadhili. Ni kila mwanamume, siyo mrithi peke yake, na kwa hiyo namba inayofuata jina haihesabu watawala, inahesabu wavulana waliozaliwa. Ukikutana na jina la namna hii, uliza kwanza tawi. Tawi la wakubwa, lile la Greiz, lilipanga kuhesabu hadi 100 kabla ya kuanza upya. Tawi la wadogo, la Gera na Schleiz, lilianza upya kila karne. Ndiyo maana Greiz ilitawaliwa na XI, XIII, XIX, XX na XXII, wakifuatana. Waliorukwa ni wavulana ambao hawakufika kwenye kiti. Kule Gera, Heinrich LXVII alifariki mwaka 1867 akarithiwa na mwanawe, Heinrich XIV. Namba haikurudi nyuma: baba alizaliwa mwaka 1789, katika hesabu ya karne ya 18, na mwana mwaka 1832, katika hesabu mpya. Anayeandika "Heinrich XIV wa Reuss" bila kutaja mwaka wa kuzaliwa hajatueleza ni nani. Kosa hilohilo lilinyemelea wengi Desemba 2022, Heinrich XIII alipokamatwa kwa tuhuma za kupanga kuipindua serikali ya Ujerumani, kesi iliyoanza kusikilizwa Frankfurt mwaka 2024. Huyo ni wa tawi la Köstritz, na hana uhusiano wa namba na Heinrich XIII wa Greiz aliyefariki mwaka 1817.

Tuje kwenye mgawanyo, maana hapo wanaowacheka wana hoja nzito. Mwaka 1564 ardhi iligawanywa kwa ndugu watatu: tawi la wakubwa, la kati na la wadogo. La kati lilizimika mwaka 1616, lakini waliobaki waliendelea kukata vipande: Greiz mbili, Gera, Schleiz, Lobenstein, Ebersdorf, na Köstritz ambayo haikuwahi kuwa dola kamili. Shida ya mgawanyo kama huu ni ya hesabu tu. Misitu, mashamba na kodi za wakulima hugawanyika. Gharama ya ikulu haigawanyiki. Kila mwana anataka kasri, makarani, mahakama, mhubiri, wawindaji na farasi. Pato lililolisha nyumba moja sasa linalisha nne, na anayeziba pengo ni mkulima. Utaratibu wa kumpa mzaliwa wa kwanza eneo lote ulichelewa kushika, kwa sababu katika mantiki ya familia kumnyima mwana fungu lake ilikuwa dhuluma. Na hata vipande vilipoungana, haikuwa kwa mpango. Tawi la Gera lilikosa mrithi mwaka 1802, na ndugu waliobaki wakawa wanaiendesha Gera kwa ubia. Eneo la Lobenstein lilienda Ebersdorf mwaka 1824. Mwaka 1848, wa Ebersdorf, Heinrich LXXII, akajiuzulu katika machafuko ya mwaka ule, na ardhi zote za tawi la wadogo zikabaki kwa mtawala wa Schleiz, ndiye anayeitwa hapa wa Gera. Ramani ya Reuss ilirahisishwa na misiba, na mara moja tu na ghasia.

Watetezi nao wana mtu wao, na ni mtu wa uzito: Heinrich Posthumus wa Gera, aliyezaliwa mwaka 1572 baada ya baba yake kufariki, ndiyo maana ya hiyo lakabu. Alifungua shule ya sekondari Gera mwaka 1608, na mji wake uliwapokea wafumaji wa Kiprotestanti waliokimbia Flandria. Ufumaji wa sufu ukawa uti wa mgongo wa Gera na Greiz kwa karne tatu zilizofuata. Alifariki mwaka 1635, Vita vya Miaka Thelathini vikiendelea, na jeneza alikuwa ameshaliandaa mwenyewe: la shaba, limeandikwa mistari ya Biblia na beti za nyimbo za kanisani alizozichagua. Heinrich Schütz, aliyezaliwa Köstritz katika ardhi ya ukoo huohuo, aliyachukua maandishi hayo akayatungia muziki wa mazishi yaliyofanyika mwanzoni mwa mwaka 1636. Kazi hiyo bado inaimbwa. Mtawala wa nchi kubwa angeweza kulipia muziki bora zaidi, ila si rahisi kumpata aliyekuwa karibu hivyo na mtunzi wake.

Ndoa zilipeleka jina mbali kuliko majeshi yangeweza. Augusta wa Reuss-Ebersdorf, aliyezaliwa mwaka 1757, ni nyanya wa Malkia Victoria wa Uingereza na pia wa mumewe Albert. Erdmuthe Dorothea wa nyumba hiyohiyo ya Ebersdorf aliolewa mwaka 1722 na Zinzendorf, kiongozi wa jumuiya ya Kikristo ya Herrnhut, na ndiye aliyeshika mali na fedha za jumuiya hiyo wakati mumewe akisafiri na kuhubiri. Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika jumuiya hiyo.

Hata hivyo mifano hii yote ni bahati ya mtu. Mtawala mcha Mungu mwenye sikio la muziki aliacha shule na nyimbo. Mwingine asiyejali hakuacha kitu, na raia hawakuwa na njia ya kumchagua mmoja badala ya mwingine. Ushahidi bora zaidi tunaupata mwaka 1866, katika vita vya Prussia na Austria, dola mbili kubwa za Kijerumani, kwa sababu hapo tuna dola mbili za ukoo mmoja, dini moja na kazi moja ya ufumaji, zikipita njia mbili. Gera ilikwenda na Prussia. Greiz, chini ya Caroline aliyemshikia kiti mwanawe Heinrich XXII, iliegemea Austria. Askari wa Prussia wakaingia mjini na nchi ikatozwa thaler 100,000, sarafu ya fedha ya wakati huo.

Heinrich XXII hakuwahi kuisamehe Berlin, mji mkuu wa Prussia. Katika Baraza la Shirikisho la dola za Ujerumani kila Reuss ilikuwa na kura 1, Prussia 17, naye aliitumia kura yake kupinga sera za Bismarck, chansela wa Ujerumani, tena na tena. Wengine wamemfanya shujaa wa haki za dola ndogo. Ningekubali kwa urahisi zaidi kama angewapa watu wake nafasi aliyoidai kwa Prussia. Katiba ya Greiz ilikuja mwaka 1867 tu, na baraza lake lilikuwa na viti 12: vitatu aliteua yeye, viwili vya wenye ardhi wa tabaka la juu, vitatu vya miji na vinne vya vijiji. Wafumaji walisema yao kwingine, katika bunge la taifa, ambako kura ilikuwa ya kila mwanamume mtu mzima. Greiz ilimpeleka msoshalisti Wilhelm Blos mwaka 1877, na Gera ikampeleka Emanuel Wurm mwaka 1890. Gera iliyokuwa rafiki wa Prussia na Greiz iliyoichukia zilifika mlango mmoja. Na binti wa Heinrich XXII, Hermine, aliolewa mwaka 1922 na Wilhelm II, Kaisari aliyeng'olewa, wa ukoo uleule ambao baba yake alikuwa hataki hata kuusikia.

Wanaosema vijidola hivi vingekufa vyenyewe kwa udogo wao wajibu jambo moja: mbona vilidumu hadi 1918? Vilidumu kwa sababu havikumgharimu mkubwa yeyote, na kwa sababu kuvinyang'anya kungewatisha wadogo wengine wote. Kufikia mwaka 1910 vyote viwili vilikuwa na watu wapatao 225,000. Heinrich XXVII wa Gera alikuwa tayari anaisimamia Greiz pia, maana Heinrich XXIV wa huko hakuwa na afya ya kutawala. Mapinduzi ya Novemba 1918 yakaondoa viti vyote viwili. Mwaka 1919 dola zile zikawa moja, na Mei 1920 ikaingia katika Thuringia mpya. Kilichoshindikana tangu 1564, jamhuri ilikimaliza katika miezi michache.

Heinrich XXIV alifariki mwaka 1927 bila mtoto. Hesabu ya Greiz, iliyopangwa ifike 100, ikaishia hapo.