Invoisi Haijalipwa, Ushuru Unadaiwa

Kila Juni mafrilansa wa Kenya wana swali moja: mteja amenizungusha mwaka mzima hajanilipa, sasa ritani ya ushuru nafaili vipi? Wengi wanataka kuandika ile kazi kama hasara. Hapo niseme tu KRA, mamlaka ya ushuru, wako sawa, masaa yako hayana bei kwa ushuru, kama hiyo pesa hukuiweka kwa mapato basi hakuna kitu cha kukata.

Shida inaanza ukishaiweka, na siku hizi unaiweka utake usitake. Kampuni haiwezi kudai gharama (kuitoa kwa mapato yake ili ushuru upungue) bila invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, kwa hivyo watu wa akaunti wanakuambia tuma invoisi kwanza ndio malipo yaanze kushughulikiwa. Unatuma. Halafu kimya, mara bosi amesafiri, mara sistimu iko chini.

Tuseme ulitengeneza tovuti ya shilingi 200,000, invoisi ukatuma Novemba. Mapato huhesabiwa pale unapokuwa na haki ya kulipwa, si pale M-Pesa inapolia, kwa hivyo kufikia 30 Juni hiyo 200,000 iko kwa ritani yako. Kama uko bendi ya 30%, ni 60,000 unatoa mfukoni kwa pesa hujaishika. Sasa angalia mteja. Anaandika 200,000 yako kama gharama, ushuru wa kampuni ni 30%, anaokoa 60,000. Nimepiga hii hesabu mara tatu nikidhani nimekosea! Asiyelipa anapata nafuu ya 60,000, asiyelipwa anatozwa 60,000 hiyo hiyo, na serikali haijapoteza hata shilingi. Juu yake, ile 5% ya ushuru wa zuio, ambayo mteja hukukata na kuipeleka KRA kwa jina lako, hukatwa wakati wa malipo, basi hata hiyo huna ya kupunguzia ile 60,000.

KRA nao wana hoja. Wakingoja mpaka pesa iingie, watu wataambiana nilipe Januari, na mapato ya Desemba yatakuwa yanahama kila mwaka. Pia sheria ina mlango, kifungu cha 15 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinaruhusu kukata deni lililokufa, na mwongozo wa 2011 unataja deni ambalo gharama ya kulidai inazidi deni lenyewe. Hiyo inatufaa sana wenye vijideni vidogo na wengi hawaijui, lakini lazima Kamishna wa KRA aridhike, kwa hivyo weka kila imeili na kila barua ya kudai. Kuna wanaoshauri utoe krediti noti uifute tu invoisi. Mimi siipendi, kesho ukimpeleka mteja Small Claims Court (mahakama ya madai madogo, wanasikiliza madai mpaka shilingi milioni moja, na hukumu inafaa kutoka ndani ya siku 60) atasema ulifuta mwenyewe.

Mfumo wa kuhesabu mapato kabla ya malipo wacha ukae, sina vita nao. Ila mteja asiruhusiwe kudai gharama ya frilansa mpaka aonyeshe amelipa. eTIMS tayari inajua invoisi ilitoka lini na kwa nani, imebaki kuuliza ililipwa lini. Kampuni ikinyimwa hiyo nafuu ya 60,000, bosi atarudi safarini haraka sana.